Daktari Aliyetupita Bila Salamu

Mjini kwetu alikuwa na majina mengi, na hakuna hata moja alilopewa na wazazi wake. Watoto wa karibu na ofisi walimwita Daktari wa Choo. Wauza mboga walimwita Bwana Vikopo, kwa sababu ya vile vikopo vidogo vya kifuniko chekundu alivyogawa vijiji vizima kama anayegawa pipi. Sisi tuliofanya kazi chini yake tulimwita Daktari tu, nami nitaendelea hivyo hivyo. Alikozaliwa, ukoo wake na mambo ya utoto wake sitayaeleza, kwa kuwa nilikaa naye miaka kumi na moja na hakuwahi kunieleza.

Niseme mapema kinachonisumbua, msomaji asije akadhani namsifu bure. Mama yangu mzazi alipofariki, Daktari hakuja kumzika. Hakuja kwenye matanga wala arobaini, na niliporudi kazini hakuniambia hata pole. Aliinua uso kutoka kwenye makaratasi yake akasema, "Umerudi. Fomu za Mlali ziko mezani." Nilimchukia kwa maneno hayo miaka minne mizima. Naandika haya ili nijue kama nilikuwa na haki.

Kazi yetu ilikuwa utafiti wa maradhi ya utumbo: nani anafunga choo wiki nzima, nani anaharisha miezi, nani anatokwa damu na kuinyamazia, na kati ya hao wote nani ana la kupita na nani ana uvimbe unaokua ndani kimyakimya. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga upande wa mji unaopakana na mlima, yenye vyumba vitatu, meza nne na friji moja ya sampuli. Juu ya friji Daktari alibandika karatasi yenye maandishi makubwa: HAKUNA MAZIWA HUMU. Aliibandika baada ya fundi umeme mmoja kuifungua siku ya joto akitafuta cha kunywa.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na amiba. Si mdudu mwenyewe, bali neno. Mtu akienda zahanati na tumbo lake anaambiwa ni amiba, anapewa vidonge. Akirudi, ni amiba. Akirudi mara ya tatu nguo zinampwaya, ni amiba sugu. "Morogoro hii kila tumbo lina amiba mpaka litakapopimwa," alikuwa akisema, na alikasirika kweli, mishipa ya shingo ikamtoka. Lakini chango na ngiri, maneno ya wazee wetu, hayakumkera hata kidogo. Mgonjwa akisema ana chango, Daktari alivuta kiti karibu akamuuliza kinaanzia wapi, kinapanda au kinashuka, kinachukia chakula gani. "Huyu ananieleza anachokisikia mwilini," alituambia. "Yule wa amiba ananieleza alichoambiwa."

Mwaka wa kwanza tuliharibu kazi vibaya. Fomu yetu iliuliza: "Katika miezi sita iliyopita, kuna mabadiliko yoyote ya choo chako?" Pale Mlali karibu kila kaya ilijibu ndiyo, na wengine waliongeza kwa fahari kwamba mabadiliko ni makubwa. Daktari alizisoma fomu amesimama, akazisoma tena amekaa, kisha akamwambia Shabani, dereva wetu, atie mafuta. Kijiji kizima kimeugua matumbo na serikali haina habari, hivyo ndivyo alivyoamini njia nzima.

Nyumba ya kwanza tulipokewa na bibi mmoja mcheshi. Daktari alimpa shikamoo, akamuuliza mabadiliko yalianza lini.

"Tangu mwezi wa tano," bibi akasema. "Lakini kuambiwa si kuona, baba. Njoo huku."

Akatuongoza nyuma ya nyumba hadi kwenye choo kipya, sakafu ya saruji, mlango wa bati, kifuniko chenye mpini. Kumbe bwana afya alikuwa amepita kijiji kizima akihimiza vyoo bora, na sisi tukaja nyuma yake kuuliza habari za choo. Mimi na Shabani tulicheka hadi tukashikilia mbavu. Daktari hakucheka. Alikisifu kile choo, akauliza kina chake, kisha akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Bibi, kile kinachoingia humo, nyumbani kwako mnakiitaje?"

Bibi akajifunika mdomo kwa kanga. "Si unajua mwenyewe, baba."

"Najua la vitabuni. Lako silijui."

Bibi akalisema, mavi, kwa sauti ndogo sana, akanitazama mimi kwa aibu, kwa kuwa ningeweza kuwa mjukuu wake.

Tangu siku hiyo neno hilo likaingia kwenye fomu na halikutoka. Wakubwa wa Dar walipiga simu kulalamika. Walipendekeza kinyesi, wakapendekeza haja kubwa. Daktari aliwajibu kwamba kinyesi ni cha maabara, na mtu wa Mlali ukimuuliza kama ana haja kubwa atakwambia ndiyo, anadaiwa ada ya shule. Akalisema mavi mbele ya shehe, mbele ya padri, mbele ya wakwe za watu. Alilisema akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, kwa adabu zote, bila kutabasamu na bila kupunguza sauti. Mimi niliyelelewa na mama wa kigango, mtu wa kanisa hasa, mama aliyenichapa kwa neno dogo kuliko hilo, nilichukua mwaka mzima kulizoea.

Na mtu huyo huyo, nikwambie, hakuweza kuomba choo nyumbani kwa mtu. Miaka yote ile sikumwona akiomba. Tungeshinda mlimani tangu asubuhi, tumekunywa chai nyumba saba, na yeye hatafungua mdomo. Shabani alimjua kwa jinsi anavyokaa kwenye kiti cha gari. Akianza kuegemea mlango na kujibu kwa neno moja moja, Shabani anawasha injini. "Daktari amekumbuka mkutano," ananinong'oneza, na tunashuka makona ya mlima kwa mwendo ambao Daktari siku nyingine angeukemea.

Mkewe alikuwa mwalimu mkoa mwingine, na nadhani aliendelea kufundisha huko muda mrefu kuliko alivyolazimika. Chakula cha mchana Daktari alikula mgahawani karibu na stendi. Mwanzoni alikaa katikati kama watu wengine, ila aliona wenzake wa mezani wakimaliza haraka au wakihamia meza ya jirani na sahani zao. Nani atakula maharage kwa raha mbele ya mtu aliyempa kikopo juzi? Basi akachagua meza ya pembeni na kiti kinachotazama ukuta, akawa anakula hapo kila siku. Siku moja niliingia nikamkuta, nikaenda kukaa naye. Alinishukuru, kisha akaniuliza kama sioni watu wananitazama. Nikasema wananitazama kwa uzuri wangu. Alicheka, mara moja tu. Kesho yake aliniomba nisirudie.

Sasa nifike kwenye lile lililomharibia jina. Daktari hakusalimia watu. Katika mji ambao ukimpita mtu kimya unaulizwa umekosewa nini, yeye alipita sokoni, alipita barabara kuu, macho yake mbele kama anahesabu nguzo za umeme. Watu waliomweleza mambo ambayo hawakuwaeleza wake zao aliwapita hivyo hivyo. "Anaringa," walisema. "Elimu imemkaa vibaya." Hata mimi mwanzoni nilimhukumu, mpaka Shabani aliponieleza habari za fundi cherehani.

Fundi huyo alikuwa na baraza lake mjini, wateja wengi, kinamama wa kila aina. Alikuwa akitokwa damu, na Daktari alikuwa amemwanzishia dawa. Siku moja Daktari akipita pale akasimama, akamwambia kwa moyo mweupe, "Fundi, unaendeleaje?" Basi. Hakusema lingine. Lakini unaendeleaje ya daktari si salamu ya mtu mwingine. Kinamama waliokuwa wakipimwa nguo wakatazamana, na kabla wiki haijaisha mji ulishajua kwamba fundi ana ugonjwa wa huko nyuma. Kila mmoja akamalizia kwa alichotaka. Wateja wakapungua. Fundi hakurudi tena kuchukua dawa, na Daktari alipomtuma Shabani kumtafuta aliambiwa amehama na cherehani yake, haijulikani alikokwenda.

Tangu siku hiyo Daktari akaacha kusalimia. Kwa kuwa kama angewasalimia wasio wagonjwa tu, watu wangejua wagonjwa ni wale anaowapita, aliamua kuwapita wote. Sisi wa ofisini ndio tulipata salamu yake, kwa kuwa sababu ya kutujua ilionekana wazi. Ndani ya ofisi, mlango ukifungwa, alikuwa mtu mwingine. Aliwaita wagonjwa kwa namba zao na aliwapenda kwa namba zao. "Mia mbili na kumi ameongeza kilo mbili!" alitutangazia asubuhi moja, akatununulia chapati wote. Na mia mbili na kumi mwenyewe, mwanamume mzima muuza kuku, alikuwa akimsema Daktari kijiweni kwamba ana dharau.

Nilimwonea huruma kwa hilo, lazima nikiri. Ndiyo maana jambo la mama liliniuma zaidi. Maana mazishi alikuwa akienda. Baba wa mlinzi wetu alipofariki, Daktari alikaa msibani siku mbili, akabeba viti. Mkwe wa Shabani alipozikwa Kihonda, alishika koleo. Misiba yote ya wafanyakazi wake alihudhuria, na hakuwa wa kwanza kuondoka.

Mama yangu alilima karoti na njegere juu kabisa ya Mlali, mahali gari haliwezi kufika mvua zikianza. Alikuwa mjane, mtu wa Jumuiya ya kanisani, mtu wa maneno machache. Mwaka wake wa mwisho alipungua mwili, nami kwa kuwa nilifanya kazi niliyofanya nilimuuliza. Sikuthubutu kumwambia lile neno la Daktari. Mbele ya mama ulimi wangu ulikataa. Nikamuuliza, "Mama, choo kinaendaje?"

"Choo kizuri, mwanangu," akasema. "Kaka yako amekiezeka bati jipya."

Nilicheka. Nikamweleza kisa cha bibi wa Mlali, naye akacheka na mimi, akaniongezea njegere kwenye mfuko. Zahanati walimwambia ana amiba. Nilizisikia hizo habari za amiba kwa masikio yangu, mimi niliyesikia hotuba ya Daktari mara mia, na nikamnunulia vidonge.

Mazishini mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyesimamia kila kitu, kama ilivyo kwetu Waluguru. Wenzangu wa kazini walipotambulishwa, akawahesabu kwa macho, akaniuliza, "Na mkubwa wenu yuko wapi?" Shabani akawahi kujibu kwamba amebanwa na kazi. Mjomba alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto aliyeajiriwa kwa watu wasiomthamini. Hiyo aibu nilikaa nayo.

Mwaka uliofuata Daktari alistaafu. Tulimpa saa ya ukutani. Mimi nilichangia kwa sababu wote walichangia.

Mwaka huu ofisi ilipata viongozi wapya, wakataka fomu zote za zamani ziingizwe kwenye kompyuta. Fomu hazina majina, ni namba tu, na nyingi zina mwandiko wetu sisi wahoji. Nilishangaa kukuta moja yenye mwandiko wa Daktari kuanzia juu hadi chini. Mwanamke, mjane, mkulima wa karoti na njegere. Kwenye maelezo ya maumivu aliandika kama alivyoambiwa: "Yanapiga hodi alfajiri. Nikinyamaza yanaondoka." Mama yangu alisema hivyo kwa kila kitu, jino, goti, kichwa. Maumivu kwake hayakuanza, yalipiga hodi.

Nikasoma tarehe za kuja kwake. Zote zilikuwa Alhamisi. Alhamisi ilikuwa siku ambayo Daktari alinipanga kwenda Mlali, na nililalamika kwa nini ni mimi kila wiki, akanijibu kwamba mimi najua njia. Kwa hiyo nilipokuwa napanda kwetu, mama alikuwa anashuka mjini. Huenda tulipishana, mimi ndani ya gari la ofisi, yeye kwenye pikipiki ya mtu na karoti zake za kuzugia, kana kwamba anakwenda sokoni. Chini ya fomu kulikuwa na mistari miwili. "Rufaa ya Dar kwa kipimo cha kamera ya utumbo: amekataa mara tatu." Na ule wa mwisho: "Asiambiwe mtu. Binti yake yuko hapa ofisini. Anasema binti akijua ataacha kazi kumuuguza."

Nilikaa na hiyo karatasi mpaka wenzangu wakaenda kula na wakarudi. Sasa nilielewa kwa nini hakuja. Hakuzika mgonjwa hata mmoja, kwa sababu ileile ya kutowasalimia. Angekuja kwetu, angesimama mbele ya mjomba, angeulizwa kama alimjua marehemu, na ingembidi aseme uongo au atoe siri. Lakini kuelewa hakukunipoza. Mtu huyu alikaa na mama yangu Alhamisi ngapi sijui, akasikia alichokiogopa, na mimi mwanawe nina kisa cha bati la choo tu. Nilitaka anipe hata sentensi moja ya mama.

Jumamosi nikaenda Kihonda, anakoishi siku hizi. Nilimkuta uani peke yake, anafua shati jeupe kwenye beseni. Amekonda shingo, na miwani imekuwa minene.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwenzangu. Karibu. Za ofisi?"

Nilimwambia za ofisi nzuri, kisha nikamwambia nimeiona fomu. Nikamtajia jina la mama, jina lake kamili la ubatizo. Aliendelea kulikamua shati mpaka maji yakaisha.

"Simjui," akasema.

"Daktari, mwandiko ni wako."

"Mwandiko wangu uko kwenye fomu nyingi. Fomu hazina majina."

"Aliyekuambia usiseme amekufa."

"Basi ndiyo kabisa," akasema. "Angekuwa hai ningeweza kumwomba ruhusa."

Nilikasirika hadi nikasimama. Nilimuuliza anamficha nani sasa na anamficha kwa nani, mimi nimemwosha yule maiti kwa mikono yangu. Nikamwambia sitaki siri za ugonjwa, nataka kujua tu kama alikuwa na hofu, kama aliwahi kunitaja kwa uchungu. Daktari akaanika shati, akalinyoosha kola, akabana vibanio viwili. Kisha akasema jua linakwenda, atanisindikiza.

Tulitembea mpaka karibu na barabara kubwa. Watu walikuwa wengi, wametoka viwandani, kinamama wanauza mihogo.

"Una miaka mingapi sasa?" akaniuliza.

"Arobaini na miwili."

"Umepima kwa kamera?"

"Sina tatizo lolote."

"Sikuulizi tatizo. Nenda Dar ukapime. Mwaka huu, usingoje mwakani."

"Daktari, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba asiye na dalili asubiri umri usogee."

"Ndiyo. Wasubiri."

"Sasa kwa nini mimi nisisubiri?"

Katika kazi yetu hakuna asiyejua jibu. Anayeambiwa asisubiri ni yule ambaye baba au mama yake alikuwa na uvimbe ule wa utumbo. Daktari alitazama chini kwenye viatu vyake, akatazama barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona hajui aweke wapi mikono.

"Pole na msiba," akasema. "Pole sana na msiba wa mama."

Alisema kama vile tumetoka makaburini muda huo. Nami nikajibu inavyojibiwa, "Nimeshapoa, Daktari," na neno lilipotoka nikajua si kweli, nikashika ukuta wa duka la watu nikalia kwa sauti. Wapita njia wakapunguza mwendo. Muuza mihogo akamtazama Daktari, akanitazama mimi, akamgusa mwenzake. Nilimwambia Daktari aende, watu wanaona, watasema mimi ni mgonjwa wake. Hakwenda. Alisimama ubavuni kwangu, mbele ya wote, mpaka nilipomaliza.